Ngitili ya baba, kuni za mama

Mwezi huu tulikuwa tumejiandaa kuendelea na mazungumzo yetu juu ya chakula cha mtoto anayeachishwa ziwa. Tumeyasogeza mbele kidogo kwa sababu ya barua moja. Imeandikwa na mama wa kijiji kimoja cha Usukuma, ambaye ametuomba tusitaje jina lake wala la kijiji chake, nasi tumemkubalia. Ana watoto sita. Binti yake wa pili alimaliza kidato cha nne, akafaulu vizuri masomo ya sayansi, na sasa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Ada inatakiwa, na muda uliobaki ni mfupi. Mzee wa nyumba amekwisha kupata wateja: wachoma mkaa kutoka mjini wameiona ngitili ya familia, wakaizunguka, wakahesabu miti, na wako tayari kulipa fedha taslimu kwa miti yote kwa mara moja.

Mama hataki. Lakini anaona haya kukataa, kwa sababu fedha ni za mtoto wake mwenyewe, na mama mkwe wake amekwisha kumwambia kwamba mwanamke hana neno katika ngitili. Anatuuliza kama mama anayezuia ada ya mwanawe kwa ajili ya miti bado ana akili timamu.

Tumeisoma barua hiyo mara nyingi. Sisi tunaoandika safu hii tulisomea uuguzi kwa fedha za ng'ombe waliouzwa mnadani, kwa hiyo si sisi wa kumwambia mzazi yeyote ambakize binti nyumbani. Lakini pia tulikulia Usukuma wakati miti ilikuwa imekwisha, na tunajua nyumba isiyo na kuni inafananaje. Ndiyo sababu jibu letu ni refu kidogo, na tunaomba mtuvumilie.

Kwa wasomaji wetu wa Pwani, wa Kilimanjaro na kwingineko, huenda neno ngitili ni geni. Ngitili ni eneo la ardhi ambalo Msukuma hulifunga. Mvua zinapoanza, mifugo haiingizwi humo. Majani na miti huachwa vikue mpaka kiangazi kishike na malisho ya kwingine yaishe, ndipo hufunguliwa, na ng'ombe hupata cha kula, hasa maksai wa kulimia, ndama na ng'ombe wanaokamuliwa. Zipo ngitili za familia na zipo za kijiji kizima. Ni desturi ya zamani. Wazee waliianzisha kwa ajili ya majani ya ng'ombe. Kuni, fito, dawa, asali na matunda ni nyongeza tu, na uzito wa nyongeza hiyo wanaujua akina mama, maana ndio wanaoibeba.

Mtu anayepita Shinyanga kwa basi wakati wa kiangazi anaweza kudhani kwamba Mungu aliiumba nchi hiyo ikiwa kavu. Sivyo hata kidogo. Sehemu kubwa ilikuwa pori. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha kazi ya kufyeka mapori ili kuwaondoa mbung'o, wale inzi wanaoleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Shinyanga yenyewe ndiyo iliyokuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Sisi wa kazi ya afya hatuwezi kumlaumu mtu aliyepiga vita malale. Lakini miti iliyoondolewa ili inzi akose kivuli haikurudishwa. Baadaye ikaja pamba, na kila palipofyekwa pakalimwa. Ng'ombe nao wakaongezeka. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wakaziacha nyuma ngitili za babu zao. Zikabaki hazina mwenyewe wa karibu wa kuzilinda, na kila mwenye shoka akaingia. Kufikia mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimeandikwa katika mkoa mzima zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu.

Tulipokuwa wadogo, kwenda kuni ilikuwa safari. Mama zetu waliondoka jogoo akiwika, wakiwa watatu au wanne pamoja kwa sababu ya usalama, na waliporudi jua lilikuwa limekwisha kupinda. Siku ya kuni haikuwa na kazi nyingine. Dada zetu wakubwa hawakwenda shule siku hiyo, na mwalimu aliacha hata kuuliza. Tulipika kwa miti ya pamba iliyong'olewa baada ya kuvuna, kwa mabua ya mtama, na hivyo vilipokwisha, kwa mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa juani.

Hebu tutazame jambo hili kwa makini kidogo, maana hapa ndipo umaskini unapoingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Mavi ya ng'ombe ni samadi. Yakienda jikoni hayaendi shambani. Shamba lisilopata samadi mwaka wa kwanza huvumilia, mwaka wa pili hunung'unika, mwaka wa tatu hutoa mahindi ya ukubwa wa kidole gumba. Bwana shamba akija anasema mbegu ni mbaya au mvua haikutosha, na huenda anasema kweli, lakini haingii jikoni kuona kinachowaka kati ya mafiga. Nyumba inavuna kidogo, inauza mbuzi ili kununua chakula, na mwakani haina mbuzi. Yote hayo yalianza siku miti ilipokwisha karibu na nyumba, ingawa hakuna aliyeyaandika kwenye daftari lolote.

Kisha kuna moshi. Kuni kavu za mgunga zina moshi, lakini moshi wa mavi ya ng'ombe ni mwingine kabisa, mzito na wa kuwasha, na jiko lenyewe mara nyingi ni kijumba kisicho na dirisha. Mtoto mchanga yuko mgongoni mwa mama palepale. Mtoto aliye chini ya miaka mitano anayevuta moshi wa namna hiyo kila siku yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kichomi, na kichomi ni kati ya magonjwa yanayotuulia watoto wengi. Kwa watu wazima ni kikohozi kisichoisha, pumzi fupi, na macho.

Juu ya macho tunataka kusema jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Katika Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi, bibi wengi waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na alama iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa macho mekundu. Bibi aliyepika kwa mavi ya ng'ombe kwa miaka 30 au 40, ambaye hakuwahi kupata dawa ya macho, atakuwa na macho ya rangi gani? Hatusemi kwamba miti peke yake ingewaokoa. Mauaji yale yalikuwa na tamaa ya mashamba ndani yake, na ugomvi wa mirathi, na woga wa vifo vya watoto ambavyo watu hawakuelewa chanzo chake. Lakini tunasema kwamba yale macho yalikuwa ya jikoni. Tulimjua bibi mmoja ambaye, kila alipotoka kwenda kisimani, alijifunika kitambaa mpaka karibu na pua. Alikuwa akiificha alama ya kazi aliyowafanyia wanawe maisha yake yote.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango ulioitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wengi waliujua kwa kifupi kama HASHI. Nchi ya Norway ilisaidia fedha. Mwanzoni, kama ilivyo kawaida ya wataalamu, mkazo uliwekwa kwenye vitalu vya miche, watu wakapewa miche ya kupanda. Miche mingine ilikubali, mingi ilikufa kwa jua au kuliwa na mbuzi. Ndipo wataalamu wakageukia kile ambacho wazee walikuwa nacho tangu zamani. Chini ya ardhi ya Shinyanga visiki na mizizi ilikuwa bado hai. Mahali palipofungwa, mifugo isipoingia na moto usipopita, visiki vilichipua vyenyewe, bila mche wala ndoo ya maji. Wazee walipoambiwa kwamba sasa serikali inataka ngitili, wengine walicheka, maana ilikuwa kama kufundishwa kuota jua.

Sheria za kuzilinda nazo zilikuwa za kwao. Mkutano wa kimila uitwao dagashida ulikaa, ukapanga nani anaruhusiwa kuchukua nini na wakati gani, na faini ya mwenye kuvunja. Sungusungu ndio waliosimamia. Mtu aliyemtoroka askari wa misitu hakuweza kuwatoroka sungusungu, kwa sababu walijua mpaka ng'ombe wake kwa rangi.

Kufikia mwaka 2004, mpango ulipomalizika, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa miti katika vijiji 833. (Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo ulikuwa mkubwa. Tangu mwaka 2012, Maswa, Meatu na Bariadi zimo katika Mkoa wa Simiyu.) Watafiti walipokwenda kupima faida yake, waliona kwamba vitu vinavyotoka katika ngitili vilikuwa na thamani ya kiasi cha dola 14 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo, mtu wa kijijini Tanzania alikuwa akitumia kwa wastani kiasi cha dola 8 na nusu kwa mwezi. Maana yake ni kwamba mahali hapo, palipoitwa pori tu, palikuwa pakiwapa watu zaidi ya kile ambacho mwanakijiji wa kawaida alikuwa nacho cha kutumia. Kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya thamani hiyo haikuwa fedha mkononi, na kisichokuwa fedha mkononi hakihesabiwi nyumba inapojadili mambo yake. Watafiti hao waliona pia kwamba akina mama walipunguziwa kati ya saa 2 na saa 6 za kutafuta kuni.

Saa 6! Tafadhali mama unayesoma ukiwa mjini, umewasha jiko la gesi kwa kugeuza kitufe, jaribu kuzipangia kazi saa hizo.

Sisi tuliziona kliniki. Wakati fulani tulianza kuwauliza wajawazito swali ambalo halimo katika kadi: kuni unapata wapi? Tuliwauliza kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja mimba ikiwa ya miezi minane, damu imeanza kutoka, naye alikuwa ametua mzigo wa kuni mlangoni pa zahanati. Alitoka nao mbali, akaona bora apitie kwetu kwanza kuliko kuutupa. Hatuwezi kusema mzigo ndio uliosababisha, maana damu ya namna ile ina sababu nyingi. Tulimpeleka hospitali, akajifungua salama, na shemeji yake akaja kuuchukua mzigo. Lakini tangu hapo tulipouliza, tuliona tofauti. Wenye ngitili karibu walifika kliniki mapema, wamekunywa uji, na walihudhuria mara nyingi zaidi. Waliokwenda kuni mbali walifika tukifunga dirisha, na tukiwagombeza (tunakiri tuliwagombeza, Mungu atusamehe) walituangalia tu.

Ngitili ina chakula pia. Kuna mlenda wa porini, kuna uyoga mvua zinapoanza, kuna furu na ukwaju kwa watoto wachungaji, kuna ubuyu ambao ni hazina ya vitamini C. Miezi ya mwisho wa kiangazi, ambapo bustani zimekauka na ghalani kumebaki michembe, mboga na matunda hayo ndiyo huongeza kitu katika sahani. Asali huuzwa, na fedha yake mara nyingi hubaki mkononi mwa anayeirina, akina mama wa vikundi wakiwemo. Ila hapa tuvae kofia yetu ya uuguzi: asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kidogo ya kulamba, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vya sumu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda. Na zile dawa za miti za kuongeza uchungu wa uzazi, ambazo bibi zetu huzichimba humohumo ngitilini, tunawasihi msizitumie. Tumeona mfuko wa uzazi ukipasuka. Heshima yetu kwa miti haifiki hapo.

Tukiishia hapa mtadhani ngitili ni neema tupu kwa kila mtu, kumbe sivyo. Mwenye ng'ombe wengi hufaidi zaidi kuliko asiye na hata mbuzi, kwa sababu faida ya kwanza ni malisho. Maskini asiye na eneo la kufunga hutegemea ngitili ya kijiji, na sheria zikikazwa sana yeye ndiye wa kwanza kukamatwa na kipande cha kuni. Na tena, kwa mila, ngitili ni ya mwanamume. Mama anaijua kila njia yake, anajua ni mti gani umekauka na kiota cha nyuki kiko wapi, anawafukuza mbuzi wa jirani, anauzima moto kwa matawi, lakini siku ya kuamua anaambiwa aende kupika chai ya wageni.

Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani yumo mjane mmoja. Mume wake alipofariki, baada ya arobaini shemeji zake walikuja na maneno mazuri. Nyumba ni yako, walisema, na shamba la mahindi ni la watoto, lakini ngitili ni ya ukoo. Miaka tisa ngitili hiyo ilikuwa imelindwa na yeye, kwa sababu mumewe alikuwa mgonjwa. Kikundi kilimsindikiza mpaka Baraza la Ardhi la Kijiji. Sisi wengine tulikaa chini ya mwembe tukiwa tumevaa sare zetu za kanisa, jambo ambalo mwenyekiti hakulipenda, lakini hakutufukuza. Mwishowe aliamuliwa abaki nayo yeye na wanawe. Ila shauri lilichukua misimu mitatu, na katika misimu hiyo mitatu shemeji walikata miti mikubwa karibu yote. Alichoshinda ni ardhi yenye visiki. Kila mwaka anatuambia vimefika wapi: magotini, kiunoni, na mwaka jana vilimpita kichwa.

Akina mama, sheria haiko kinyume chetu katika jambo hili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inasema mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mke na mume pamoja. Tatizo ni kwamba hati nyingi bado zina jina moja, na katika mabaraza mengi wale wanawake watatu huketi kimya kwa sababu ya kuwaogopa wakwe zao waliokaa mbele. Kama wewe ni mmoja wao, jua kwamba kuna mjane anayekutegemea ufungue mdomo. Mjane wa Sarepta, nabii Eliya alipomkuta, alikuwa akiokota kuni langoni pa mji. Tumesikia mahubiri mengi juu ya unga wake na mafuta yake, ila bado hatujasikia mhubiri akiuliza zile kuni zilitoka katika ardhi ya nani.

Sasa, mama mwenzetu uliyetuandikia, turudi kwako.

Kwanza, akili zako ni timamu. Pili, usiende kwa mzee na neno hapana peke yake, maana ukikataa tu ataonekana yeye ndiye anayempenda mtoto. Nenda na hesabu. Umetuandikia kwamba unatumia mizigo miwili ya kuni kwa wiki. Hiyo ni mizigo 104 kwa mwaka. Bei ya mzigo kijijini kwenu unaijua, na mzee anaijua, basi zidisheni pamoja, jioni, watoto wakiwa wamelala. Halafu zidisheni kwa miaka ambayo miti itachukua kurudi. Ongezeni fito za kutengenezea zizi na nyasi za kuezekea. Halafu mwulize, kwa upole, maksai watakula nini mwezi wa kumi. Hili ndilo swali ambalo mwanamume wa Kisukuma hataweza kulipuuza, maana maksai wasiokula mwezi wa kumi hawawezi kuvuta jembe mvua zikinyesha mwezi wa kumi na moja, na jembe likichelewa njaa haichelewi.

Tatu, ada yenyewe. Binti aende chuoni aulize kama ada inaweza kulipwa kwa mihula, maana vyuo vingi hukubali. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya. Afuatilie kama yake imo, na aombe mapema, asingoje rafiki zake. Kama mna maksai wanne, uzeni mmoja mzee aliyechoka. Tunajua inauma, lakini fedha ya ng'ombe mmoja ilimfikisha mwandishi wenu hapa alipo. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa nacho kisisahauliwe.

Nne, kama hayo yote hayatoshi, si dhambi kukata. Ngitili si sanamu ya kuabudiwa. Lakini kata sehemu moja, iliyopimwa kwa kamba, na kata wenyewe, msimkabidhi mgeni pori zima na panga lake. Mkate mwisho wa kiangazi, kwa panga kali au msumeno, kisiki kiwe na mteremko ili maji yasituame juu yake, na tanuri la mkaa lisijengwe juu ya visiki, kwa sababu moto wake unaiua mizizi na hapo hapatachipua tena. Msikubali waondoke na mti unaozaa ukwaju. Tena mkaa wa biashara hauchomwi bila kibali, na akikamatwa mtu, mara nyingi hukamatwa mwenye ardhi, huku mwenye lori amekwisha kufika mjini.

Tano ni lile la mama mkwe. Usibishane naye. Mwulize tu yeye alipikia nini miaka ile miti ilipokwisha. Kisha mtengee stuli, ukae chini umsikilize mpaka mwisho.

Barua ya majibu tuliituma kabla ya kuandika safu hii, kwa sababu ada haingoji gazeti. Juzi tulipata ujumbe wake. Wameuza maksai mmoja, na wamekata ukanda mmoja tu wa upande wa barabarani, kiasi cha robo. Wachoma mkaa walikasirika, wakasema walipotezewa muda, wakaenda kijiji cha pili. Binti ameripoti chuoni na nusu ya ada, na godoro alilopewa na shangazi yake. Mama mkwe, baada ya kuulizwa lile swali, alizungumza mpaka usiku, na kesho yake alikwenda mwenyewe kuwaonyesha wakataji mti ambao wasiuguse. Kuhusu jina la mama kuingia katika hati, mzee amesema hilo watalizungumza baada ya mavuno.